Ramani za Baiskeli za Mrima Zinasoma Mawe Tu

Nina ugomvi na ramani. Baiskeli yenyewe haina kosa, maskini ya Mungu, na barabara nimeshaizoea na mashimo yake. Ugomvi wangu ni na watu wanaochora njia za watalii wa baiskeli kwenye pwani ya Mrima, kutoka Bagamoyo hadi Tanga, na zaidi na wale wanaoziandikia maelezo. Nimesoma vijitabu kadhaa vya namna hiyo, vya Kiingereza na, siku hizi, vya Kiswahili pia. Utadhani mwandishi ni mmoja.

Vinakwenda hivi. Anza Kaole, tazama magofu. Rudi Bagamoyo mjini, tazama ngome, boma la Wajerumani, misheni na mahali mwili wa Livingstone ulipolala. Kisha ubebe maji ya kutosha kwa sababu mbele hakuna kitu. Saadani kuna tembo na bahari. Halafu tena hakuna kitu. Pangani kuna nyumba za zamani na kivuko. Tongoni kuna makaburi. Tanga kuna hoteli, oga, lala. Kilomita 200 na ushee, na vituo sita ambavyo vyote ni mawe, mzungu au mnyama.

Msomaji wa ukurasa huu atauliza: wewe si mtu wa vitabu, baiskeli inakuhusu nini? Inanihusu sana. Hicho kipande kinachoitwa "hakuna kitu" ndicho mojawapo ya vipande vya nchi vilivyoandikwa mapema na vizuri katika nathari ya Kiswahili. Kwenye njia hii tuna maktaba nzima, na mtu anapita juu yake kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kofia ngumu kichwani na chupa ya maji ubavuni, akiambiwa atazame mbele asubiri tembo.

Chukua Mtoro bin Mwinyi Bakari. Wengi wetu tunamjua kwa *Desturi za Wasuaheli*, kile kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903 kule Göttingen, chenye harusi, ngoma, vyakula, madeni, wapagazi na safari za bara. Lakini miaka miwili kabla yake, mwaka 1901, Velten alikuwa ameshatoa kitabu kingine, *Safari za Wasuaheli*, na humo Mtoro ana habari ya safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Sasa funua ramani, hata hiyo ya kwenye simu. Udoe ni wapi? Ni nchi ya Mto Wami, nyuma ya Saadani. Uzigua ni wapi? Ukishavuka huko ukielekea kaskazini, hadi Pangani, na bara mpaka Handeni. Yaani palepale ambapo kijitabu kinakuambia ubebe maji kwa sababu hakuna kitu, mtu wa Bagamoyo alipita zaidi ya miaka 120 iliyopita, akatazama, akauliza, akaandika mila za watu aliowakuta. Kwa Kiswahili. Jamani, mtu gani tena tunamtaka atushike mkono?

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshapewa uso kwa uso. Njia ya baiskeli si somo la fasihi. Mtalii anataka kujua pancha itazibwa wapi na chai atainywa wapi, hana haja ya Mtoro. Sawa, ningekubali kama vijitabu hivyo vingekuwa kweli vya pancha na chai. Lakini sivyo. Mafundi baiskeli hawamo, nami nitakuja huko. Vimejaa fasihi tupu! Kwa nini Kaole imo? Magofu, ndiyo, lakini soma aya yenyewe: utaambiwa kwamba Burton na Speke walianzia safari yao pale mwaka 1857. Kwa nini Bagamoyo ina alama kubwa namna ile? Kwa sababu Stanley aliondokea hapo mwaka 1871, na kwa sababu mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulipandishwa meli hapo. Tunawajua watu hao kwa sababu moja tu: waliandika vitabu au waliandikiwa. Ramani unayosema haina haja na fasihi ni ramani ya fasihi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ila ni ya Kiingereza. Mimi ninalodai ni dogo: kama tunapanga safari kwa kufuata vitabu, basi na vyetu vihesabiwe.

Tena tazama hata hao wa Livingstone. Maiti ile haikujiendea yenyewe kutoka kwa Chitambo hadi baharini. Waliibeba Chuma, Susi na wenzao, miezi mingi kwa miguu, wakiwa pamoja na Jacob Wainwright aliyejua kusoma na kuandika. Kwenye vijitabu vyetu Livingstone ana aya tatu na wabebaji wana "watumishi wake waaminifu". Mwendesha baiskeli angepaswa kuwa wa kwanza kuona haya hapo, maana yeye anajua mzigo ni nini. Mtu aliyefunga kilo 18 kwenye keria na kusukuma kwenye mchanga hawezi kusoma neno "waaminifu" bila kuuliza: walibeba vipi? Kwa zamu? Walikula nini?

Turudi kwa Mtoro, kwa maana habari yake haijaisha, na ndiyo inayonitia uchungu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Huko akaoa mke Mjerumani. Mwaka 1905 akafunga safari kurudi nyumbani na mkewe, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka. Ndoa ya Mwafrika na Mzungu haikutakiwa kuonekana katika koloni. Walirudishwa Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeiandika Bagamoyo kwa undani kuliko mtu yeyote wa zama zake alikatazwa kuikanyaga tena. Leo tunachora njia kutoka mji wake huohuo, kupitia nchi aliyoiandikia safari, na tunamwacha nje kwa mara ya pili. Safari hii hakuna gavana wa kumlaumu.

Sasa Saadani. Pale ndipo ninapowaonea huruma wachora ramani, kwa sababu tembo kweli wapo, na mimi mwenyewe sikunyonga baiskeli ndani ya hifadhi. Niliipakia kwenye lori nikakaa mbele na dereva, roho mkononi. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005 na sifa yake ni kwamba mbuga inakutana na bahari. Picha nzuri. Lakini Saadani ni kijiji pia, na kabla ya kuwa jina la hifadhi lilikuwa jina la mji wa Bwana Heri. Nani huyo? Mkuu wa Saadani, aliyepigana na majeshi ya Wissmann mwaka 1889, mji wake ukapigwa mizinga, akarudi bara akajenga maboma, akapigana tena, na hatimaye akakubali suluhu mwaka 1890. Dereva wa lori alimjua Bwana Heri. Kijitabu nilichokuwa nacho kilijua aina za swala.

Ukitoka Saadani unapita Mkwaja, unapita Kipumbwi, unafika Bweni, na ng'ambo ya mto ni Pangani. Hapo ndipo ilipowaka ile vita yenyewe, Agosti mwaka 1888, pale mtu wa Kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alipotaka bendera ya kampuni ipepee na kila mtu amtii. Ni huyohuyo aliyekuja kuuawa na Wahehe pale Lugalo mwaka 1891. Na ni Pangani hiyohiyo ambako Bushiri bin Salim alinyongwa Desemba mwaka 1889. Sisi tunasema tunanyonga baiskeli, na siku ile nilipokuwa nasubiri kivuko upande wa Bweni neno hilo lilinikaa vibaya mdomoni.

Vita hivyo vina utenzi wake. *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*, wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa pwani hii ya Tanga. Hakuungoja kutoka kwa mwanahistoria. Watu walioiona vita walikuwa bado hai alipoutunga. Sasa niambie, kijitabu gani cha njia ya baiskeli kimetaja kwamba kati ya Bagamoyo na Tanga unapita ndani ya utenzi? Angalau jina lake tu, mstari mmoja, ili mtu akifika Tanga autafute. Hakuna. Pangani ni "nyumba za zamani za kupendeza". Milango. Picha za milango! Nina hakika kama milango ya pwani yetu ingelipwa kwa kila picha, Pangani ingekuwa na lami hadi jikoni.

Neno "magofu" nalo tulitazame. Kaole kuna msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe, mengine yalipambwa kwa vibakuli vya Kichina. Kijitabu kinaita vyote magofu na kumwambia mtu atenge dakika 40. Lakini mmojawapo wa waliozikwa pale ni Sharifa, na kaburi lake bado linaendewa na watu wenye shida zao, wanaomba, wanaweka nadhiri, wanaacha chochote. Gofu ni nyumba iliyohamwa. Mahali ambapo mtu alikuja jana kuombea mwanawe apate kazi panaitwaje? Sijui, lakini si gofu. Mtu wa baiskeli ana bahati kuliko yule wa basi la kitalii, kwa sababu hana dereva anayempigia honi. Angeweza kukaa chini ya mbuyu saa nzima, akaona nani anaingia. Ramani yake ndiyo inayompigia honi.

Na sasa nifike kwenye kipande kinachonikera kuliko vyote. Kutoka Pangani kwenda Tanga ni kama kilomita 50. Unapita mashamba ya mkonge na minazi, unapita Kigombe kwa wavuvi, unafika Tongoni. Tongoni imo kwenye kila kijitabu, na inastahili: makaburi karibu 40 ya zamani, msikiti, nguzo. Kwa kawaida hapo utasomewa habari ya Vasco da Gama, aliyeichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwenye miamba ya huku mwanzoni mwa mwaka 1499 kwa sababu hakuwa tena na mabaharia wa kuiendesha. Haya, tumesikia. Kisha maelezo yanaruka hadi Tanga mjini.

Umeruka nini hapo? Umeruka Machui.

Machui ndiko kwao Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, hapo Machui, tarehe 1 Januari mwaka 1909, na alipofariki mwaka 1962 alirudishwa kuzikwa hukohuko. Alikuwa karani wa forodha, na Pangani, ile ya picha za milango, ni mojawapo ya vituo vya kazi yake. Kwa hiyo mwendesha baiskeli anayetoka Pangani kwenda Tanga anatoka kazini kwa Shaaban Robert na kupita nyumbani kwa Shaaban Robert, na haambiwi. Anaambiwa habari ya Mreno aliyechoma meli. Nchi gani nyingine ingefanya hivi? Waingereza wana mji mzima, Stratford, unaokula kwa jina la Shakespeare, hadi vikombe vya chai vina sura yake. Sitaki vikombe. Nataka mstari mmoja kwenye ramani: hapa, kushoto au kulia, kaburi la mwandishi.

Nilipopita nilimuuliza fundi baiskeli kando ya barabara. Nilikuwa na spoki mbili zimekatika gurudumu la nyuma, matokeo ya mashimo na ya mizigo ya kijinga niliyobeba. Akaweka spoki, akanyoosha gurudumu kwa jicho tu, bila kifaa, akizungusha na kusikiliza. Nilipomtajia Shaaban Robert hakuinua kichwa, akanyoosha mkono wenye grisi kuonyesha njia, kama unavyomwonyesha mtu kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kisha akaniuliza kama nimesoma *Kusadikika*. Akasema yeye aliisoma shuleni na kwamba mpaka leo anawajua watu wa Kusadikika, anawazibia pancha kila siku. Nimekaa kwenye makongamano ya fasihi yenye maikrofoni na maji ya chupa, sijasikia uhakiki mfupi na mkali kama huo.

Huyo fundi hayumo kwenye kijitabu. Hata fundi mmoja hayumo, kwenye njia nzima, na hapa ndipo lile jibu la pancha na chai linapokufa lenyewe. Wachora njia wanaona mwenye gia 24 kama mwendesha baiskeli, na mwenye Phoenix ya chuma aliyefunga magunia mawili ya mkaa kama sehemu ya mandhari. Lakini barabara hii ni ya nani? Alfajiri, kabla jua halijapanda, utawaona: tenga la samaki kwenye keria, limefunikwa gunia bichi, mtu amesimama juu ya pedali kwenye mlima, wengine na madafu, wengine na mama na mtoto nyuma. Wananipita. Nina kofia, nina glavu, wananipita wakinisalimia, "Shikamoo", kwa heshima ya mvi, na hiyo inaumiza zaidi. Wanajua kila mteremko, kila mti wenye kivuli, kila nyumba yenye pampu. Hao ndio wasomi wa njia hii. Maelezo ya njia yaliyoandikwa bila kuwauliza ni kama uhakiki wa kitabu ulioandikwa kwa kutazama jalada.

Nisionekane nawasakama wageni peke yao. Mgeni ameandika alichokijua. Alikuja na Stanley wake, akamkuta Stanley wake. Lawama kubwa naiweka nyumbani, kwetu tunaojiita watu wa fasihi. Tunaweza kubishana hadi usiku wa manane kuhusu nani aliandika riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Tunamtaja Mtoro kwenye tasnifu. Tunaapa kwa jina la Shaaban Robert. Na kwenda Udoe? Na kwenda Machui? Ng'o. Labda siku ya kumbukumbu, kwa basi lenye kiyoyozi, turudi mjini kabla ya chakula cha jioni. Baiskeli tunaiona ni chombo cha aliyeshindwa kununua pikipiki. Hivyo njia ya waandishi wetu wakubwa tumewaachia watu wa utalii waichore, kisha tunanuna wakiichora bila waandishi.

Tena angalia tulichopoteza kwa uvivu huo. Miaka ya 1890 nathari ya safari ilikuwa mojawapo ya fani hai za Kiswahili. Sleman bin Mwenye Chande alisimulia safari ya bara. Selim bin Abakari, Mngazija, alifika Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wake Mjerumani, akaandika baridi, treni na watu wa huko kwa Kiswahili, kwa jicho la mtu ambaye hastaajabishwi hovyo. Ni kweli kwamba maandiko hayo yalitakwa na Wajerumani, kwa mahitaji yao, na yamebeba alama za bwana aliyekuwa akisubiri kurasa. Yasomwe kwa tahadhari hiyo. Lakini jicho lilikuwa letu. Leo mtu akisafiri kilomita 200 kwa nguvu ya miguu yake, anarudi na nini? Mchoro wa rangi ya machungwa wa mahali alipopita, idadi ya kalori, na picha ya baiskeli imeegemezwa kwenye mlango wa Pangani.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi na watalii aliniambia nikiwapakia wageni Mtoro na Bwana Heri na utenzi na kaburi la mwandishi wasiyemjua, watachoka, na wakichoka hawarudi, na wasiporudi mama wa chapati pale Kigombe hauzi. Hoja hiyo naiheshimu kwa sababu ya mama wa chapati. Lakini iangalieni vizuri. Ramani ya vituo sita ndiyo inayompitisha mgeni Kigombe bila kusimama. Ukimwambia hakuna kitu, atabeba maji na biskuti zake kutoka mjini, atanyonga kichwa chini hadi kituo kinachofuata. Ukimpa sababu ya kusimama Machui atasimama Machui, na akisimama atakuwa na njaa, maana baiskeli haina huruma na tumbo.

Na haraka ipo. Kila mwaka lami inasogea kwenye barabara hii ya Tanga hadi Bagamoyo, kipande kwa kipande. Naifurahia lami, sina mapenzi na mchanga wa Makurunge, na wa mkaa na samaki wanaihitaji kuliko mimi. Lakini lami ikikamilika vibao vitasimikwa, na kibao kikishasimikwa kwa saruji kuking'oa ni kazi. Kitakachoandikwa ni kile kilichopo tayari kwenye vijitabu, yaani Burton, tembo, da Gama. Kwa hiyo mwenye kalamu aandike sasa, wakati kuna vumbi.

Atakayekubali, aondoke Bagamoyo baada ya masika, Juni au Julai, wakati kusi limeshashika, ili upepo umpige mgongoni hadi Tanga; wanaokwenda kinyume miezi hiyo nimewaona, nyuso zao hazina mashairi. Tairi pana, tyubu mbili, spoki za akiba za saizi yako na si za kukisia. Nakala ya *Desturi* kwenye mfuko wa plastiki. Saadani uliza kwanza getini kuhusu wanyama, na kijijini uliza kuhusu Bwana Heri. Kivuko cha Pangani kinabeba baiskeli. Simama upande wa mto unapokutana na bahari. Ukipita Tongoni, baada ya makaburi, punguza mwendo. Machui uliza fundi yeyote.